Njia Isiyokuwepo kati ya Marlbatch na Kinnerhope

Ifahamike kwa watu wote kwamba, baada ya uchunguzi wa kina, ziara ya mkaguzi, na kuzingatiwa kwa maoni ya wahusika, halmashauri imeridhika kuwa kati ya kitongoji cha Marlbatch na kitongoji cha Kinnerhope hakuna njia ya miguu, wala hakuna ushahidi wa kutosha kwamba iliwahi kuwepo. Na kwa sababu hiyo mstari wa nukta ulioombewa nafasi katika ramani mpya hautachorwa. Tamko hilo limetiwa sahihi na mtu mwenye cheo kirefu kuliko jina lake.

Mimi si mtu wa kubishana na halmashauri. Ninaandika tu habari za Nesta Prosser, ambaye tangu ujana wake amekuwa akipita mahali hapo pasipo njia, kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, kwenda kunywa chai kwa dada yake.

Nesta alizaliwa Marlbatch, akaolewa Marlbatch, na mume wake Ivor alipofariki alimwachia nyumba ya mawe, jogoo mwenye tabia mbaya, na msumeno mzuri. Kazi yake ilikuwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, kwenye mji wenye soko, alikokunja mashuka ya wagonjwa mpaka mikono yake ikawa inakunja hata ilipokuwa imepumzika; ukikaa naye kanisani utaiona ikikunja kitu kisichoonekana, pembe kwa pembe. Dada yake, Mabel, aliolewa upande wa pili wa kilima, huko Kinnerhope. Kwetu sisi wa mpakani mwa Uingereza na Wales, kuolewa upande wa pili wa kilima ni sawa na kuhamia ng'ambo. Marehemu mama yao alilia siku tatu. Simu ilipoingia vijijini, Mabel aliweka ya kwake chini ya ngazi na kuifunika kitambaa, kwa imani kwamba simu ni chombo cha habari za misiba na si vizuri kukizoesha mambo mengine. Kwa hiyo dada hawa wakitaka kusemezana ilibidi mmoja avuke kilima, na mwenye miguu alikuwa Nesta.

Barabara kuu ipo, lakini ni nyembamba, imebanwa na nyua za miti ndefu pande zote, na malori ya maziwa hupita humo kama yanafukuzwa. Mtembea kwa miguu hana pa kuegemea ila kwenye miiba. Njia ya Nesta ilipita juu. Unaanzia nyuma ya kanisa, unavuka ua kwa kukanyaga kipandio cha mbao, unapanda uwanda wa malisho, unapita kando ya hori la maji la kondoo, unashukia Kinnerhope. Haikuwa na changarawe wala kibao. Ilikuwa mbonyeo tu katika majani, wa upana wa mtu mmoja, uliochimbwa na nyayo za watu ambao wengi wao sasa wamelala nyuma ya kanisa hilohilo.

Kisha macho ya Nesta yakaanza kumuaga. Yalimuaga kwa namna ya ajabu, kuanzia katikati. Akikutazama usoni hakuoni; anaona ua lililo kushoto kwako, anaona buti zako, anaona moshi ulio nyuma yako, lakini pale unapopaswa kuwa wewe pana wingu. Tulijifunza kusimama upande kidogo tunapoongea naye, kama watu wanaopigwa picha ya heshima. Mwenyewe alisema watu wote siku hizi wanafanana na mashuka yaliyorudi kutoka kwa dobi, safi sana na bila majina. Ulimwengu wake ukawa wa kingo na pembezoni. Asubuhi za baridi, jalidi inapoganda juu ya nyasi na ukungu ukalala bondeni kama maziwa katika bakuli, sisi wote tulikuwa tunaona kama yeye, na hizo ndizo siku alizokuwa mchangamfu.

Binamu yake wa mjini na daktari walikuja kuzungumza naye juu ya chumba. Kilikuwa chumba kizuri katika nyumba ya wazee, chenye joto, kapeti, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Nesta aliwasikiliza, akawamiminia chai bila kumwaga hata tone, akasema, "Siku nitakayoshindwa kufika kwa Mabel kwa miguu yangu mwenyewe, peke yangu, nitakuja kwenye hicho chumba chenu bila maneno."

"Tunaweza kukukubalia hilo, shangazi," akasema binamu, aliyezoea kumwita shangazi kwa sababu ya umri.

"Siombi mnikubalie. Nawaambia."

Basi hilo ndilo lililokuwa sharti la kila Alhamisi, nasi sote tulilijua, na hakuna aliyelitaja. Alikuwa akienda kwa nyayo. Mbonyeo ule ulimshika miguu kama ukingo wa ngazi unavyoushika mkono gizani. Ukikosea kidogo, upande wa buti unagusa ukuta wa majani, unajirekebisha. Aliwahi kuniambia kwamba anapopanda pale huwa hajui kama anatembea au amelala anaota anatembea, na kwamba haoni sababu ya kuuliza.

*

Sasa kikundi. Kila Jumamosi, kuanzia majani yanapopukutika hadi ndege wanapoanza kujenga viota, Kikundi cha Kujitolea cha Marlbatch hufanya msaragambo. Tunakata vichaka, tunalaza matawi ya nyua ili zisongamane, tunazibua mitaro, na mara moja kwa mwezi, siku ya Jumapili, tunatoka matembezi kwenda kutazama vichaka tulivyokata. Wanachama wengi wamestaafu. Tuna kanuni tatu zisizoandikwa: keki huletwa na kila mtu kwa zamu, kazi ya mwenzako huisifii mbele yake, na pendekezo lililokwisha kutolewa na mtu aliyejisumbua halikataliwi. Kanuni hii ya tatu imejenga madaraja mawili mahali pasipo na mto.

Mwenyekiti wetu ni Desmond Fewtrell, aliyekuwa mkuu wa stoo katika kiwanda cha soseji, mtu mwema kabisa, anayeamini kwamba hakuna jambo duniani lisilopata nafuu likifagiliwa. Msema ovyo wetu ni Thelma Beddoes. Nesta alikuwa mwangalizi wa moto. Macho hayahitajiki sana kwenye moto, alikuwa akiusikiliza. Alijua kwa mlio ni lini kuni mbichi zimeingia, na alijua kwa joto la shavu ni lini majivu yako tayari kufukiwa viazi.

Mwaka huo ikatangazwa kwamba ramani za njia za miguu zinachorwa upya, na isiyoingia itakuwa imetoka milele. Shamba la kilimani nalo lilikuwa limeuzwa kwa Bwana Tandy, mgeni kutoka Birmingham, mpole, mwenye mpango wa kupanda misonobari ya Krismasi na kuizungushia uzio. Palipo na njia ya umma hawezi kuziba. Pasipo na njia, anaweza. Desmond alijaza maombi kwa jina la kikundi, na Nesta akaweka sahihi kama mpitaji mkongwe. Halmashauri ikajibu kwamba mkaguzi atakuja Januari kuiona hiyo njia.

"Jamani," Desmond alitwambia Jumamosi moja ya Desemba, amesimama juu ya toroli lililopinduliwa, "mkaguzi anakuja. Mnataka aione njia yetu ilivyo?"

"Ndiyo," akasema Thelma. "Si ndiyo maana anakuja?"

"Ilivyo! Matope mpaka vifundoni! Kipandio kimeliwa katikati kama kijiko! Aondoke akisema watu wa Marlbatch hawajali?"

"Des, wewe mgeni akija kwako kuangalia kama una bibi kizee ndani, utampaka bibi rangi?"

"Ningemchana nywele, Thelma. Angalau ningemchana nywele."

Watu wakacheka, na kicheko kwetu ni kura. Nilimtazama Nesta. Alikuwa amepiga magoti mbele ya moto wake, uso ukielekea pembeni, mahali anapoona. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema. Mtu alikuwa amekwisha kujisumbua.

Tukafanya kazi, na naomba niseme kwamba ilikuwa kazi nzuri. Ukungu haukuinuka siku nzima. Tulikuwa tukipishana na matoroli bila kuonana nyuso. Unasikia gurudumu likilia, unaona kofia ya sufu ikielea, imepotea. Tulisaga matawi ya majuma yaliyopita, tukaujaza mbonyeo ule kwa vipande vya miti, tukapiga reki mpaka uwanja ukawa sawasawa, laini kama kitanda. Kile kipandio kiling'olewa, badala yake tukasimamisha lango jipya la mwaloni linalojifunga lenyewe. Ndege kifua chekundu alitua juu yake kabla misumari haijapoa, jambo ambalo Desmond alilichukua kama kukabidhiwa rasmi.

Mbao za zamani zilikwenda kwa Nesta. Niliona anazipokea moja moja, anazipapasa, anazitupa motoni. Alipofika kwenye ubao wa kipandio akasita. Ulikuwa umelika katikati kwa nyayo, laini kabisa, kama sahani. Alikaa nao magotini. Mikono yake iliuzunguka taratibu, pembe kwa pembe. Kisha akautia motoni, akasikiliza, akasema, "Mkavu huu. Leteni viazi."

*

Alhamisi iliyofuata simu yangu ililia, na nilipoisikia sauti ya Mabel nikakaa chini kwanza.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Bado sijui," Mabel akasema. "Chai imepoa. Hajafika."

Nilipanda kilima katikati ya weupe mtupu. Ukungu wa huku hauanguki wala haupandi. Upo tu, kama fikra ambayo mtu ameisahau katikati. Vipande vya miti vilikuwa laini chini ya buti zangu, vya upana uleule, usawa uleule na nyasi zilizokandwa na kondoo kandokando, na baada ya hatua chache nikagundua kwamba mimi mwenyewe mwenye macho yangu mawili nilikuwa nimetoka njiani bila kujua. Kondoo walitokea, wakanitazama kama watu waliokatizwa maongezi, wakayeyuka.

Nilimkuta mbali upande wa magharibi, amesimama karibu na kichaka cha miiba, wima, bati la keki ameliweka kifuani. Alikuwa na chembe za jalidi kwenye nyusi. Hakuonekana kuogopa. Alionekana kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

"Nesta."

"Ah. Ni wewe. Simama upande kidogo nikuone."

Nikasimama upande.

"Umepotea?"

"Sijapotea. Nimesimama."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu njia iliponiacha." Akalihamisha bati kwenye mkono mwingine. "Unajua, nilidhani nimekufa. Si kwa ubaya. Niliwaza tu, kumbe ndivyo kulivyo, kweupe, laini miguuni, na hakuna hata mtu wa kukuonyesha pa kukaa. Nikasema lazima kuna kamati huku pia."

"Ni vile vipande vya miti, eti?"

"Ni vizuri sana vile vipande. Mwambie Desmond ni vizuri sana."

"Nesta, njoo nikushike mkono tushuke kwa Mabel."

"Ukinishika mkono haihesabiki."

"Nani anahesabu?"

"Mimi." Kisha kwa sauti ndogo zaidi, "Usimwambie mtu. Usimwambie binamu yangu, na Desmond usimwambie kabisa, atalia. Mpe Mabel keki. Mwambie nina mafua. Mimi nitakufuata nyuma mpaka nyumbani kwangu, nitafuata sauti ya buti zako. Hiyo si kushikwa."

Nikampelekea Mabel keki. Na sikumwambia mtu yeyote. Nilimwambia Thelma tu, ambako ni kuiambia parokia nzima, lakini kwa utaratibu.

Majuma matatu Nesta hakwenda Kinnerhope. Alisema mafua yamekaza. Binamu yake akapiga simu kuuliza kama aendelee kukishikilia kile chumba, Nesta akamwambia akishikilie mpaka ndege waanze kujenga. Usiku taa ya jikoni kwake ilikuwa ikizimwa mapema. Mabel alifunua simu mara mbili, na mara zote mbili akaifunika tena.

*

Mkaguzi alikuja. Aliitwa Bwana Perks, kijana mwembamba mwenye skafu ndefu na adabu nyingi, na kwa kuwa ilikuwa siku angavu, jua limelala chini na vivuli vyetu vikifika mpaka Wales, tulitoka wote na thamosi zetu kumlaki. Alitazama lango. Alitazama vipande vya miti, vya rangi ya mkate.

"Njia hii," akasema, "imekuwepo tangu lini?"

Hapo ndipo Desmond, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa amesubiri kuulizwa swali kuhusu kazi yake na mtu wa serikali, alipovuta pumzi.

"Tumeimaliza Desemba!" akasema. "Kila kitu unachokiona ni kipya, bwana. Hakuna kitu cha zamani hapa. Hakuna!"

Bwana Perks akafungua daftari lake.

"Kabla ya hapo ilikuwaje?" Bwana Perks akauliza, kwa upole, kama daktari.

"Kabla ya hapo? Usiulize. Aibu tupu. Mfereji. Imekanyagwa mpaka imezama!"

"Mna picha ya huo mfereji?"

"Nani apige picha ya matope?"

"Na kile kipandio kilichotajwa kwenye maombi, kilicholika?"

Desmond akageuka kututazama. Uso wake ulikuwa unaanza kuelewa, kuanzia masikioni.

"Tumekiokea viazi," Thelma akasema. "Vilikuwa vitamu."

Bwana Perks aliandika kidogo, akanywa chai, akala keki ya Thelma vipande viwili. Alisema binafsi anaamini kila neno letu, lakini halmashauri haimlipi kuamini. Hata hivyo, alisema, hajaona kazi nyingi za kujitolea zenye ubora huu. Waswahili husema penye nia pana njia; ofisi yake ilihitaji ushahidi wa vyote viwili, na sisi tulikuwa na nia tu, imepigwa reki.

Alipoondoka Desmond alikaa juu ya toroli. Hakuna aliyemlaumu, tulimpa keki, ambayo kwetu ni mbaya zaidi. Na hapo ndipo Thelma alipomwendea, akakaa karibu naye, akamnong'oneza kwa muda mrefu. Niliona mgongo wa Desmond ukijikunja kidogo kidogo. Alitazama kilimani, kisha akatazama moshi wa nyumba ya Nesta, na mikono yake iliyokuwa imeshika kikombe ikakishika zaidi.

Jumamosi iliyofuata akapanda tena juu ya toroli. Macho yalikuwa mekundu, ila sauti ilikuwa ileile ya stoo.

"Tangazo. Nimeshauriwa kwamba vile vipande vya miti vinazuia maji kupita. Ni suala la mifereji tu. La kitaalamu. Vinatolewa vyote."

"Vyote?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Vyote. Mpaka kwenye udongo wa zamani. Na vikishatolewa, udongo umelegea, kwa hiyo itabidi ushindiliwe. Kwa miguu. Kitaalamu ndivyo inavyofanywa."

"Kwa miguu mingapi, Des?" akauliza Thelma.

"Yote tuliyo nayo."

Nesta hakuwa kwenye moto. Alikuwa nyumbani na mafua yake. Desmond mwenyewe alikwenda kumgongea mlango. Walichosemezana sikukisikia, lakini alirudi naye, yeye akitangulia na Nesta akimfuata kwa nyuma, na Desmond alikuwa akitembea akipiga buti zake chini kwa nguvu kama askari wa gwaride.

*

Siku ile ninaikumbuka kama watu wanavyokumbuka ndoto, yaani sina hakika na mpangilio wake ila nina hakika na rangi. Ukungu ulikuwa umerudi. Jalidi ilikuwa imevisha kila jani manyoya meupe. Asubuhi tulifanya kazi kwa mabeleshi, tukivifukua vile vipande tulivyovileta kwa jasho, tukavirudisha chini kwa matoroli yaleyale, na hakuna aliyecheka. Chini yake mbonyeo ulikuwepo, mzima, mweusi, unyevu, kama mtu aliyefunikwa shuka akiwa macho.

Kisha tukashindilia. Tulijipanga mstari mmoja. Desmond akasema mwenye miguu inayojua atangulie, akiangalia pembeni, na Nesta akatangulia. Aliweka mguu wa kwanza ndani ya mbonyeo. Akasimama. Akautingisha ubavu wa buti kushoto, kulia, akagusa kuta zote mbili. Kisha akaanza kwenda, na sisi nyuma yake, mzee nyuma ya mzee, kofia nyuma ya kofia, kilima juu, kilima chini. Ilisikika milio ya buti tu, na pumzi, na mahali fulani juu yetu kunguru wakiongea mambo yao. Baada ya kitambo sikujua tena tunapanda au tunashuka. Kondoo walisogea, wakatutazama, na mmoja, kisha wa pili, kisha wote, wakajipanga nyuma ya Thelma wakafuata.

"Msigeuke," Thelma akanong'ona. "Nina wafuasi."

Bwana Tandy alitokea kwenye lango akiwa na mbwa wake, akavua kofia, akaisubiri safu yote ipite. Desmond alipomfikia, Bwana Tandy akamuuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki.

"Hakuna," Desmond akasema. "Ni mambo ya maji."

"Aa," akasema Bwana Tandy, akavaa kofia. Miaka yake miwili huku ilikuwa imemfundisha kutouliza swali la pili.

Jioni ilipoanza kuingia, saa kumi na moja hivi kama ilivyo Februari kwetu, Nesta alisimama chini kabisa, upande wa Kinnerhope, mahali moshi wa bomba la Mabel unapoonekana.

"Inatosha," akasema. "Imerudi."

Alhamisi iliyofuata alivuka peke yake. Nami niliamka na kazi za lazima sana karibu na dirisha langu la nyuma, nikaona kofia yake ya bluu ikipanda, ikififia, ikiwa doa, ikiwa ukungu. Simu haikulia. Alirudi kabla ya giza na bati tupu. Machi ndege walipoanza kujenga, binamu alikuja na gari, akanywa chai, akatazama buti zenye matope mlangoni, na kile chumba chenye dirisha la maegesho akapewa bwana mmoja mstaafu wa reli ambaye nasikia anayapenda sana magari.

Bwana Tandy, kwa kuwa tamko la halmashauri limempa haki yote ya kuzungusha uzio wake, alimwendea Desmond kwa heshima kuuliza kama kikundi kingeweza kumsaidia kuchimbia nguzo. Desmond hajawahi kumkatalia mtu. Alimwambia ni heshima kwetu, akamwandika kwenye ratiba, baada ya mitaro ya kanisa, ua wa shule, na daraja la tatu. Thelma anakadiria wajukuu wa Bwana Tandy watafurahi kuuona huo uzio. Misonobari imepandwa, imepangwa safu nzuri, na katikati pameachwa upana wa mtu mmoja, kwa kuwa, alisema Bwana Tandy, kondoo wamezoea.

Nakala ya tamko ilitumwa pia kwa Nesta, mpitaji mkongwe, kwa barua ya siku ya Jumatano. Maandishi haoni tena, wala hapendi kusomewa na majirani. Nilimwuliza baadaye kwa nini hakunipigia hodi, mlango wa tatu tu kutoka kwake.

"Nilikuwa nakwenda kwa Mabel hata hivyo," akasema.

Aliitia mfukoni, akavuka nayo kilima kesho yake, na Mabel akamsomea yote, mpaka cheo cha mtia sahihi, chai ikiwa bado ya moto.